Uso Katika Mvuke wa Chai

"Wewe bwana, teremsha hiyo kamera!"

Usha alijikuta anapiga kelele kwa Kiswahili katikati ya soko la Lewisham, London, kabichi ameikinga usoni, koti lake la uuguzi limelowa mvua. Mwenye kamera, kijana mwembamba mwenye skafu ya manjano, akacheka.

"Bibie, hicho Kiswahili cha Unguja! Mimi wa Mombasa. Chandrakant, mwalimu wa filamu."

Ilikuwa 1973. Kufikia Krismasi, Usha alikuwa akipika chai ya tangawizi chumbani kwa Chandrakant, mtaa wa Kilburn, naye anampiga picha za filamu. Usha alishamwambia siri yake: alitoroka Unguja bila kibali baada ya mapinduzi, mama yake kabaki. Wakubwa wa kule wakijua alipo, mama ndiye atakayekamatwa.

"Filamu zangu hazina hadithi wala majina, laazizi," Chandrakant alimtania. "Ni mvuke wa chai na pua yako tu."

Usha alicheka, na yule mjinga akakihesabu kicheko kuwa ruhusa ya kuuonyesha uso wake.

Mwezi Machi Usha akaona tangazo ukutani chuoni kwa Chandrakant: filamu ya Chandrakant, Ijumaa saa kumi, pamoja na wageni kutoka balozi za Afrika. Akakimbilia kibanda cha simu.

"Chandu, uso wangu umo?"

"Umo. Ndio filamu yenyewe, mpenzi. Kazi yangu ya miezi yote hii..."

"Unataka kuniulia mama?"

Akakata simu.

Siku tatu hakulala. Kila hodi ilimshtua. Ijumaa alijifunga skafu nyeusi hadi machoni, akaketi nyuma, karibu na mlango. Mbele yake wanaume wawili wenye suti walinong'ona Kiswahili. Usha akainamisha kichwa.

Taa zikazimwa. Mvuke. Kikombe. Mikono yake. Kisha, penye uso, mikwaruzo myeupe tupu, imekwanguliwa kwa sindano. Dakika ishirini nzima hakuonekana jicho wala pua. Mmoja wa wenye suti akapiga miayo.

Nje alimkuta Chandrakant, vidole vyote vina plasta.

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Hakuna. Nimekwangua filamu yenyewe ya asili, picha moja moja. Niliogopa, Usha. Niliogopa umeniacha. Sasa uso wako sinao popote. Nikubalie nikuoe, niutazame wenyewe."

Usha alitazama barabara kushoto, akatazama kulia. Hofu ilikuwa bado haijamtoka. Kisha, mchana kweupe, akaivua skafu.