Rangi Nyekundu kwenye Ncha

Kila Jumamosi, chai ikishanywewa na vyombo vikishaoshwa, Jicho aliongozana na mama yake kwenda kazini. Mama alikuwa fundi wa kufunga nondo, zile fito za chuma zinazofichwa ndani ya zege, na pale kazini wote walimwita Mama Nondo. Jicho naye hakupewa jina lake bure. Akiwa na miaka kumi na miwili tu, aliweza kusoma namba ndogo zilizochomoza kwenye chuma, hata chini ya vumbi na kutu, wakati watu wazima bado wanapapasa mifuko kutafuta miwani. Jina hilo alilipenda mno, pengine kuliko ilivyofaa.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Nondo mbili zinaweza kuwa na unene mmoja na vijino vilevile mwilini, kumbe moja ina nguvu kuliko nyingine, na kinachozitofautisha ni namba. Jicho alisoma namba hiyo, kisha akapaka ncha: nyekundu kwa mia tano, zile ngumu, na nyeupe kwa mia tatu, zile laini. Zenye nyekundu zilipelekwa juu kubeba uzito. Zenye nyeupe zilikwenda kwa Mzee Ringi, aliyezikunja pembe nne kuwa ringi za kushikilia nondo za nguzo. Mzee huyo hakutaka kusikia habari za chuma kigumu. Alisema yeye anataka nondo inayosikia ikiambiwa.

Jengo lenyewe lilikuwa madarasa mapya ya ghorofa ya shule yake Jicho. Korido ya juu ingechomoza nje bila nguzo chini yake, na darasa lake ndilo lingekuwa la kwanza kuhamia huko.

Jumamosi moja, yakiwa yamebaki mafungu mawili tu ya nondo, rafiki zake walimwita kutoka kwenye uzio. Timu yao ya netiboli ilikuwa na pengo la mchezaji mmoja. Jicho akasoma nondo ya juu ya fungu la kwanza: mia tano. Akasoma ya juu ya fungu la pili: mia tatu. Zilizobaki katika kila fungu akazipaka mbiombio rangi ya ile ya juu bila kuzitazama, akatimua mbio uwanjani. Walishinda, na yeye akafunga mabao sita, kwa hiyo habari ya nondo ikamtoka kichwani.

Jumamosi iliyofuata alifika kifua mbele kama kawaida. Nondo za korido zilikuwa zimeshatandazwa na kufungwa kwa waya, na zege lilikuwa limwagwe baada ya chakula cha mchana. Chini, Mzee Ringi alikuwa anakunja ringi za mwisho. Nondo moja ikamgomea. Alipoikaza, ikapasuka kwenye kona. Ya pili nayo ikapasuka. Mzee akazitupa chini akisema kwamba muuzaji amewaletea takataka, na msimamizi wa ujenzi akatoa simu ili amwambie muuzaji aje achukue mzigo wake wote na asionekane tena pale.

Jicho aliokota kipande kimoja, akakifuta kwa kidole gumba. Ncha ilikuwa nyeupe, lakini namba ilikuwa mia tano.

Akaisoma tena. Nondo ngumu zilikuwa zimeingia kwenye nyeupe, basi huenda laini zilikuwa zimeingia kwenye nyekundu, na nyekundu zote zilikuwa juu kwenye korido. Hakuna mwingine aliyewaza hivyo, kwa kuwa wote waliiamini rangi. Angenyamaza, zege lingefunika kila kitu kabla ya jioni. Aliogopa kumwaibisha mama yake mbele ya mafundi, na aliogopa kupoteza jina lake. Kisha akawaona kwa fikra rafiki zake, siku moja wakati wa mapumziko, wamejazana kwenye korido ile, wameegemea ukuta wakicheka.

"Mama, muuzaji hana kosa," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Nilisoma ya juu tu. Nyingine nilizipaka bila kuzisoma."

Msimamizi aliirudisha simu mfukoni. Mama hakugomba. Aliuliza ni ngapi hazikusomwa, na Jicho akajibu kwamba hajui.

"Basi tutazisoma zote," Mama alisema, akamvalisha kofia ngumu.

Walipanda juu. Jicho alitambaa kwa magoti juu ya mbao, nondo baada ya nondo, akitamka namba kwa sauti, na Mama akimfuata na koleo mkononi. Mia tano. Mia tano. Mia tatu. Kila iliposikika mia tatu, Mama alikata waya, akaichomoa nondo na kuweka nyingine. Walikuta tano. Jua lilipoanza kushuka, magoti ya Jicho yalikuwa yamechubuka, na msimamizi akatangaza kwamba zege litasubiri hadi Jumatatu na hakuna atakayekufa kwa kusubiri.

Mama alikaa juu ya rundo la mbao, akamketisha binti yake kando.

"Unajua kwa nini nilizifunga zile tano bila kuzisoma?"

"Kwa sababu zilikuwa nyekundu."

"Kwa sababu ulizipaka wewe, mwanangu. Rangi yako ni neno lako. Ukipaka usichokisoma, umetudanganya hata kama hukufungua mdomo. Leo umeufungua, umesema kweli mbele ya watu, na korido itasimama. Hilo ndilo la kukumbuka. Na mimi pia nina kosa, maana namba zilikuwa mbele ya macho yangu. Kuanzia sasa ukishapaka, mimi nitasoma tena."

Kisha akamkabidhi kopo na brashi. Kulikuwa na fungu jipya karibu na lango, limeshushwa asubuhi ile. Rafiki zake walikuwa wameshafika kwenye uzio wakimwita. Jicho aliwapungia mkono wamsubiri, akainama, akaanza na nondo ya chini kabisa.