Sauti Kwenye Kengele ya Geti

Jua lilikuwa utosini nilipoingia kwenye duka la vifaa vya umeme la Selestini, Bariadi mjini. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata salamu yake sikuiitikia vizuri.

"Nataka kengele ya geti yenye kamera," nikamwambia. "Nimwone anayegonga kabla sijafungua. Nimsikie, na yeye anisikie, maana nina maneno ya kumwambia."

Selestini akacheka. Mimi sikucheka.

Akanitolea ya kwanza, isiyo na waya, ambayo picha yake inakuja kwenye simu. Nikaikataa. Mama mkwe wangu hana simu ya kugusa, na ndiye anayeshinda nyumbani. Akatoa ya waya, skrini yake inafungwa ukutani sebuleni. Ina betri ndani, umeme ukikatika haizimi hapohapo. Na inaona gizani.

"Pembeni je, inaona?"

"Hii inaona uso tu. Ipo nyingine ya lenzi pana, inaona ukuta kushoto na kulia. Lakini dada, kwa nyumba ya familia hii ya uso inatosha."

"Nipe ya lenzi pana."

"Unaogopa wezi?"

"Siogopi mtu. Nimechoka."

Nilikuwa nimechoka kweli. Mama Milembe, mama wa mume wangu Dastan, ameishi kijijini Sola maisha yake yote. Amelima pamba, amezaa, amezika mume. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Na huku kwetu kuna watu ambao macho mekundu ya bibi kizee yanawatosha kumwita mchawi na kushika panga.

Mwanawe wa mwisho, Machibya, alipofariki ghafla, baba mdogo Maganga alisimama makaburini mbele ya watu wote. Ni mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, damu moja. Akasema, "Mwenye macho mekundu amemla mwanawe."

Hakuna aliyembishia. Kabla matanga hayajaisha, nyumba ya Mama Milembe ikapigwa mawe. Tukamchukua, tukamleta kwetu Bariadi. Shamba lake akabaki nalo Maganga.

Tukadhani yameisha.

Dastan ni dereva wa lori, mara nyingi hayupo. Basi giza likianza tu kuingia, mtu alikuwa anagonga geti. Taratibu. Kisha anaita.

"Mayu... mayu..."

Mama, kwa Kisukuma.

Ilikuwa sauti ya Machibya. Mkwaruzo wake uleule, na kale kakohozi kake kabla ya neno. Mama Milembe alikuwa anainuka, anakimbilia getini bila viatu, nami namkamata kiunoni namrudisha. Nikienda kufungua mwenyewe, sikuti mtu. Nakuta harufu tu. Dawa ya kupulizia pamba... na udongo mbichi.

Nilijua wanachotaka. Atoke peke yake gizani, wamkatekate. Yaani mtu anakaa chini, anajifunza kuiga sauti ya mtoto aliyekufa, ili mama yake atoke achinjwe! Ndipo nikaenda kwa Selestini.

Kesho yake mchana Selestini alikuja kufunga ile kengele. Alikuwa bado anakaza skrubu pale getini alipotokea Maganga, kanzu safi, fimbo mkononi. Akasema amekuja mjini kwa shughuli zake.

"Hiki kinaona mpaka wapi?" akamuuliza Selestini.

Nikawahi mimi. "Kinaona uso wa anayegonga. Basi."

Selestini akanitazama, akarudi kwenye skrubu zake.

Maganga akatabasamu. "Mchawi mnamlinda kwa umeme siku hizi?"

"Ondoka getini kwangu, baba mdogo."

"Mwanangu Specioza, shika adabu."

"Adabu uliiacha wewe, makaburini."

Akaondoka bila haraka.

Jioni ile umeme ulikatika mtaa mzima. Mama Milembe alikuwa kwenye kigoda, anachambua mchicha kwa mwanga wa taa ya chaji. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akanyamaza.

Kengele ikalia.

Skrini ikawaka.

Picha ilikuwa ya kijivu, ile ya gizani. Mtu amesimama karibu sana. Macho yake yaling'aa kama ya ng'ombe aliyemulikwa tochi. Mashavu yamebonyea. Kwenye nywele ana nyuzi za pamba na vumbi.

Machibya.

Niliyemwona akifukiwa.

"Mayu..." kengele ikanong'ona. "Mayu, nifungulie..."

Ubaridi ukanipanda kutoka miguuni. Si kwa sababu ya ile sauti. Kwa sababu mdomo wa Machibya ulikuwa umefumba. Sauti inatoka, midomo haitikisiki...

Nikatazama pembeni mwa picha, kule ambako lenzi ya kawaida isingefika.

Maganga.

Alikuwa amejibanza ukutani, mdomo ameugusisha kwenye matofali. Alikuwa anaongea kwa sauti ya Machibya. Mkono mmoja una panga. Mwingine umeshika kamba ya ng'ombe, na ncha ya pili ya ile kamba ilikuwa imefungwa kiunoni kwa Machibya.

Ningekuwa na akili ningekimbia. Hasira haikuniruhusu. Nikabonyeza kitufe cha kuongea.

"Maganga! Nakuona! Nakuona, mshenzi wewe!"

Sauti ikakatika katikati ya neno. Maganga akageuza shingo, akaitazama lenzi. Hakuogopa. Alionekana kukereka tu, kama mtu aliyekatishwa kazi yake. Akaivuta kamba. Machibya akasogea... akasogea... mpaka jicho lake likajaa skrini nzima.

"Amekonda," ikasema sauti nyuma yangu.

Mama Milembe alikuwa amesimama begani kwangu. Nilidhani ataangua kilio. Hakulia. Akauondoa mkono wangu kwenye kitufe, akaweka wake, akasogeza mdomo.

Mimi Kisukuma nimezaliwa nacho. Lakini yale maneno sikuyajua. Yalikuwa machache, ya chini, ya upole, kama mtu anayerudisha ng'ombe zizini.

Machibya akageuka. Akamtazama Maganga.

Kamba ikalegea.

"Shemeji..." Sasa Maganga alikuwa anaongea kwa sauti yake mwenyewe. "Shemeji, subiri... tuongee..."

Skrini ikazima.

Hakukuwa na ukelele. Nilisikia hatua tu, za watu wawili, zikienda mbali kwa mwendo mmoja.

Nilipofungua geti nilikuta kamba imelala chini. Fundo lake halikuwa limefunguliwa.

"Ulimwambia nini, mama?"

"Nilimwita mwanangu," akajibu, akarudi kwenye mchicha wake.

Siku chache baadaye habari zikafika kutoka Sola. Maganga amekutwa shambani kwa Mama Milembe, analima. Hasemi. Hali mpaka aambiwe kula. Kaburi la Machibya lilikutwa na majani yake, halijaguswa, na ukoo mzima hakuna aliyethubutu kulifukua. Na walewale waliorusha mawe sasa wanatuma kuku na salamu, wanamwita Mama Milembe bibi yetu, huku pembeni wananong'ona kwamba amemchukua Maganga. Kuku wao niliwarudisha. Nikawatukana mmoja mmoja kwa simu, na nikirudishwa nyuma nitawatukana tena. Mama wa watu hana kosa! Hivyo ndivyo nilivyowaambia.

Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, mke wa Maganga, Klementina, alikuja kwetu. Alikuwa amemshika mumewe mkono kama mtoto. Maganga alinuka dawa ya pamba. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakutazama kitu. Klementina akapiga magoti sebuleni, mbele ya Mama Milembe.

"Dada, nisamehe. Nilikuwepo makaburini, sikusema kitu. Mwachie, nakuomba."

Mama Milembe alimtazama Maganga. Mimi nilisubiri aseme kwamba hajui lolote, kwamba yeye si mchawi, ili nami nipate nguvu ya kumfukuza huyu mwanamke.

Akainama, akamfuta Maganga vumbi begani kwa ncha ya kitenge.

"Mrudishe shamba," akasema. "Palizi bado."