Mke wa Ndani ya Gari

Jumamosi ile mchana foleni ya sinema ilikuwa imetoka nje ya mlango wa vioo na kushuka hadi kwenye ngazi. Harufu ya bisi ilichanganyika na manukato ya watu, na kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda kucheka. Mfamasia hakuwa na haraka hiyo. Alitolewa nyumbani na mdogo wake, aliyechoka kumwona dada yake akimaliza kila wikendi kwa kufua mashuka yaliyokwisha kufuliwa. Alivaa gauni la kijani la mikono mirefu na hereni ndogo, ili tu asisemwe.

Wakati foleni inasogea, mtu akamkanyaga mguu. Mtu huyo aliomba radhi kabla ya kuinua uso, na mfamasia akaijua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa mume wake wa zamani, mwandishi wa filamu, ambaye marafiki walimwita Kalamu. Hawakuwa wameonana tangu walipotia saini talaka. Alikuwa amekonda, na kola ya koti lake la kijivu ilikaa upande kama siku zote. Mkono wa mfamasia ukanyanyuka wenyewe kwenda kuiweka sawa. Aliuwahi, akautumbukiza mkobani.

"Daktari," Kalamu akasema. Ndivyo alivyomwita enzi zao, kwa utani, maana hakuwahi kupewa kidonge cha mafua bila mahubiri.

"Bado si daktari. Na wewe bado huangalii unapokanyaga."

Wakacheka kidogo, kila mmoja akishangaa kwamba bado wanaweza. Kalamu akauliza wanaingia filamu ipi. Mdogo mtu ndiye aliyejibu, akasema wanaingia ile ya kuchekesha, ya yule bwana aliyeachana na mkewe. Uso wa Kalamu ukabadilika.

"Hiyo usiingie," akamwambia mfamasia kwa sauti ya chini. "Twende tukanywe chai mahali, nitakueleza."

"Kwa nini nisiingie?"

"Nakuomba tu."

Mfamasia aliwaza jambo moja: kuna mwanamke humo ndani, na Kalamu hataki wakutane. Akajikaza, akampa mkono, akaingia.

Filamu ilimhusu mwanamume aliyeamua kuwazungukia wapenzi wake wote wa zamani awaulize kosa lake lilikuwa nini. Mmoja alikuwa ameolewa na mwamuzi wa mpira, na mwamuzi akamtoa mgeni nyumbani kwa kadi nyekundu. Mwingine hakumkumbuka kabisa, akamhudumia kama mteja wa benki. Mfamasia alicheka, tena kwa dhati. Kisha akatokea mke.

Mke huyo kila jioni aliegesha gari uani, halafu akabaki humo humo, vioo vimefungwa, mpaka giza liingie. Mume akimgongea kioo, alijibu, "Nakuja, nipe dakika." Mume akampelekea chai. Siku iliyofuata akampelekea mto. Alipompelekea mswaki, ukumbi mzima uliangua kicheko. Mdogo wa mfamasia alicheka hadi machozi, akaushika mkono wa dada yake, akaukuta umekuwa baridi.

"Dada, nini?"

Dada alikuwa ameshasimama. "Nakuja, nipe dakika" yalikuwa maneno yake mwenyewe, jioni baada ya jioni, katika mwaka wa mwisho wa ndoa yake.

Kalamu alikuwa kwenye korido, mgongo ukutani. Hakuwa na mwanamke yeyote. Alikuwa amekuja kusikiliza watu wanachekea wapi katika filamu aliyoiandika, na tangu alipomwona mfamasia akiingia, alikuwa akisali mtambo wa filamu uzimike.

"Wamecheka sana," mfamasia alisema. "Hongera."

"Nilitia chumvi. Yule si wewe."

"Chumvi ni mswaki. Mengine ni mimi."

Mdogo wake alitokea mlangoni. Aliwatazama wote wawili, akashuka zake chini bila kuambiwa.

Ndipo Kalamu akatoa yaliyokuwa yamemkaa kooni. Kila jioni alisimama dirishani akimwona mkewe ameinama garini. Alikuwa na hakika kwamba anaongea na mwanamume kwenye simu, na kwamba anamaliza huko ndipo aje kwake. Hakuuliza, kwa kuogopa kujibiwa. Badala yake akawa mkali, akalala sebuleni, mwishowe akadai talaka. Baadaye akaiandika iwe kichekesho, kwa sababu hakuweza kuikumbuka kwa namna nyingine.

Mfamasia aliketi kwenye benchi.

"Hakukuwa na mtu," alisema. "Nilikuwa na mimba. Ikatoka wakati umesafiri na wale wapiga picha. Sikutaka kukuambia kwa simu. Uliporudi ulikuwa na furaha, ile filamu yako ya kwanza imekubaliwa, nikasema nitakuambia kesho. Ikawa kesho kila siku. Nikawa nalia kwanza garini, nikimaliza najifuta, naingia kukuuliza umekula nini."

Kalamu alifungua mdomo, na wakati huo huo ukumbini watu wakacheka tena, kicheko kirefu kilichopenya mlango. Alingoja kiishe. Kilipoisha, mfamasia alikuwa ameshainuka kwenda kumfuata mdogo wake.

Baada ya siku hiyo Kalamu alipiga simu mara nyingi. Mdogo mtu ndiye aliyepokea. "Shemeji, mwache apumue," alimwambia, ingawa hakuwa tena shemeji yake. Kalamu aliwaomba wenye filamu wakiondoe kipande kile, wakamcheka, maana ndicho watu walichokuwa wakikifuata. Maneno ya filamu ile yalienea. Siku moja mteja alimwambia mkewe mbele ya kaunta ya dawa, "Usije ukanifanya kama mke wa ndani ya gari." Wakacheka wote wawili. Mfamasia aliwafungia dawa yao, akawaeleza waimeze baada ya chakula.

Asubuhi moja ya mvua mfamasia mwenyewe alimpigia Kalamu simu. Aliuliza kama kile kifua kilichokuwa kikimsumbua enzi za ndoa yao kilipona. Kalamu akasema kilipona kwa kuogopa mahubiri. Mfamasia akacheka, na tangu hapo wakawa wanazungumza karibu kila siku: habari za kazini, za mama yake Kalamu aliyekuwa bado akimwita mfamasia mkwe, wakati mwingine za mimba ile. Sauti zao zikalainika. Siku moja neno "mpenzi" lilimtoka Kalamu, na hakuna aliyelikataa.

Wakakutana mkahawani. Kalamu alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Hakuzungusha maneno.

"Turudiane. Nilikosea kwa kunyamaza, nikakosea tena kwa kusema. Nipe nafasi."

Mfamasia alikizungusha kikombe chake taratibu.

"Nakupenda," alisema. "Kupendana hakujawahi kutushinda. Lakini sasa, wewe ukinyamaza nitadhani unaniandika. Na mimi nikichelewa kuingia ndani, utasimama dirishani. Sitaki tuishi hivyo."

"Tunaweza kujifunza."

"Labda. Ila mimi nimechoka, Kalamu, na mtu aliyechoka si wa kufundishwa."

Hakubishana. Aliijua sauti yake akishaamua. Watu wa meza ya jirani walilipa wakaondoka, na mhudumu akaja kufuta meza yao kabla Kalamu hajaweza kuuliza.

"Ulimpa jina?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, hata mdogo wake. Mfamasia akamtajia. Kalamu alilirudia polepole, kama mtu anayejifunza kuita mtu mpya nyumbani. Macho yakamjaa machozi.

"Usije ukaliandika," mfamasia akasema.

"Sitaliandika."

Alimwamini. Akasimama, akafunga vifungo vya koti lake, akatoka nje, mvua ikinyesha, bila kukimbia. Kalamu alibaki mezani akilitaja lile jina kimya kimya, mpaka mhudumu akamuuliza kama anangoja mtu.

"Hapana," alijibu. "Nilikuwa na mtoto."