Mtu wa Tatu Pichani

Mpaka leo rafiki yangu Henrike hajui ni nani aliyemchora mtu wa tatu.

Picha ile ilining'inia sebuleni kwao katika kijiji cha Wieck, pwani ya Ujerumani: watu wawili wameupa chumba mgongo, wanatazama Bahari ya Baltiki. Shemeji yake Detlef aliichora zamani. Mumewe Henrike alipopotea baharini, mama mkwe alitaka igeuzwe itazame ukuta, kama ifanywavyo kwao katika kila nyumba yenye maiti.

"Maiti iko wapi, Mama?" Henrike alifoka. "Mnamzika mtu kwa midomo!"

Jumapili asubuhi, alipofungua mapazia, alikuta pichani migongo mitatu. Wa tatu alivaa koti la mumewe, kola imekunjika upande mmoja.

"Umeuchora ujane wangu, mshenzi wewe!" alimkaripia Detlef.

"Shemeji, sijashika brashi tangu Krismasi. Hebu gusa."

Akagusa. Rangi ilikuwa kavu, ina nyufa za miaka mingi kama picha nzima. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini mawimbi yalisikika karibu.

Wakakubaliana igeuzwe. Detlef alikataa kuishika. Mama mkwe alitoka nje. Aliigeuza Henrike mwenyewe, akilaani, na ilikuwa nzito kama mtu aliyelowa.