Nusu Saa kwa Kila Mlezi

Vijana walimwita Mama Fomu. Hakuchukia, maana fomu alizipenda kweli.

Alisimamia walezi wanane katika bweni la chuo kikuu. Walezi hao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Kila likizo ndefu, wanafunzi wapya walikuja wiki sita kabla ya mwaka wa masomo kuanza, wazoee maisha ya chuo na kupata masomo ya maandalizi yenye majaribio. Kila mlezi aliongoza wapya kumi.

Asubuhi Mama Fomu alipita na karatasi zake.

"Wapya wako wote wapo?"

"Wapo, mama."

"Kuna tatizo?"

"Hakuna."

Anatia tiki, anaondoka.

Mlezi mmoja aliitwa Kicheko, kwa sababu alicheka hata akijikwaa ngazini. Wiki ya pili kicheko kilikatika. Akawa anasinzia mkutanoni, fomu zake zinachelewa. Mama Fomu alimkemea mbele ya wenzake.

"Kama kazi imekushinda, sema tutafute mwingine!"

Kicheko aliinamisha kichwa.

Alhamisi, kwenye foleni ya chai, msichana wa kundi la Kicheko alianguka, puu! Vikombe vikavunjika. Zahanatini walisema hajala vizuri kwa siku tano.

Mama Fomu akamwita Kicheko ofisini. "Ulijua?"

"Nilijua, mama. Alifeli jaribio la kwanza, akajiona hafai kuwa hapa. Chakula kikamshinda. Aliniapisha nisimwambie mtu."

"Mbona hukuja kwangu?"

"Ningekuja saa ngapi, mama? Wewe huuliza huku unaondoka."

Maneno hayo yalimchoma. Hata hivyo alikwenda kwa dada yake akiwa bado amepania kumfukuza Kicheko kwenye ulezi. Dada yake alikuwa muuguzi mkuu wa wodi. Alimkuta akipiga pasi sare zake, akamsimulia yote.

"Umfukuze kwa kosa la nani?" dada aliuliza. "Umewabebesha vijana mizigo ya watu, halafu unawahesabu kama viti. Mimi kila muuguzi mpya nakaa naye nusu saa kila wiki. Mlango nimefunga, simu nimezima. Siulizi kama kuna tatizo. Nauliza, 'Nani anakutia wasiwasi wiki hii?' Kisha, 'Na wewe mwenyewe, unalala?'"

"Na siri za watu je?"

"Mlezi aseme mapema, kabla mwenzake hajafungua mdomo: 'Siri yako nitaitunza. Lakini ukiwa hatarini nitamwambia msimamizi, na tutakwenda pamoja.' Hapo hajamsaliti mtu."

"Dada, walezi wanane ni saa nne nzima!"

"Na fomu zinakula saa ngapi?"

Mama Fomu alicheka bila kupenda.

Kesho yake aliwakusanya walezi. "Kicheko, nilikukemea mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu. Kosa lilikuwa langu."

Kicheko alifuta macho kwa kiganja.

Fomu ya kurasa tatu ikawa nusu ukurasa. Kila mlezi akapewa siku yake. Mwanzoni walikaa kama wako mahakamani. Wiki iliyofuata walianza kusema, na wengine nusu saa haikuwatosha.

Yule msichana alimnunia Kicheko siku mbili. Siku ya tatu alikubali kusindikizwa kwa mshauri nasaha. Mwalimu wa hisabati akampa masomo ya ziada. Jaribio la pili alipita, si kwa alama za kutisha, lakini alipita. Na sahani yake ilirudi tupu.

Wiki ya tano, mlezi mmoja mkimya alibisha hodi. Haikuwa siku yake.

"Mama, kuna kijana wangu amefunga mizigo anataka kurudi kwao. Nilimwambia nitakuja kwako. Yuko hapo nje, amekubali tuingie wote."

Mama Fomu alizima simu, akavuta viti viwili karibu na chake.

"Mlete, mwanangu. Tuna muda."