Fremu ya Mzee Ojwang

Mwisho wa mwezi Kericho hujaa watu hadi katikati ya barabara. Jumamosi hiyo ya mwaka wa tisini na saba duka la vipuri lilikuwa na foleni mpaka nje, na Aluoch, msichana wa kaunta, blauzi ya njano na nywele zilizosukwa zikabana, alikuwa amechoshwa na kelele. Kijana mmoja mwenye koti lililojaa tope akapenya mbele.

"Siste, nipatie bearing ya gurudumu la mbele. Ya quad."

"Foleni huioni?"

"Naona wewe tu."

Watu wakacheka. Aluoch hakucheka. Alimrudisha nyuma na kumhudumia wa mwisho, lakini wiki nzima iliyofuata alikuwa akitazama mlangoni, mpaka kijana akarudi, na baada ya miezi michache wakawa wapenzi.

Kijana huyo aliitwa Weldon, mtu wa Kapkatet, dereva wa trekta katika shamba la chai aliyependa mbio za quad. Quad yake, pikipiki ya magurudumu manne, aliinunua ikiwa kuukuu, na ilipokatika fremu, Mzee Ojwang, babake Aluoch, alimtengenezea nyingine. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha chai. Alikata mabomba ya chuma, akayaunga kwa mkono wake siku zake za mapumziko, akawatangazia wenzake, "Hii ni ya mkwe wangu." Alikuwa ametoka upande wa ziwa akiwa kijana, na hakuwa amewahi kumwita mtu wa huku mkwe.

Weldon alishukuru. Shida ni kwamba fremu ile, ingawa ilimeza mashimo vizuri, ilikuwa nzito, na ukikata kona kwa kasi ilijipinda kidogo, magurudumu ya nyuma yakachelewa kufuata. Basi akaagiza Nairobi fremu ya aluminiamu, nyepesi na ngumu, inayogeuka papo hapo. Akaifunga kimyakimya. Hakumwambia mtu, mjinga yule!

Siku ya mashindano ya quad Mzee Ojwang alifika Siongiroi na wenzake wa kiwandani, amevaa suti, aje kuwaonyesha kazi yake. Wakaona fremu nyingine kabisa, inang'aa.

"Ojwang," mmoja wao, Ogada, akauliza kwa sauti, "kwani mkwe amekutupa?"

Mzee aliondoka kabla mbio hazijaanza. Weldon alishinda.

Jumatatu asubuhi simu ya ofisi ya shamba ikalia, Weldon akaitwa.

"Haloo, mpen..."

"Usiniite mpenzi! Baba hajala tangu arudi. Umemwaibisha mbele ya watu!"

"Aluoch, skiza. Zile kona ni kali. Ile ya chuma ingenitupa nje."

"Najua chuma hujipinda, si mimi nauza spea? Si ungemwambia! Angeikaza!"

"Niliogopa atakasirika."

"Na sasa amefurahi?"

Karani alijifanya anasoma gazeti.

"Nitakuja kwenu jioni nimwombe msamaha."

"Kwetu? Kwani ulimwaibishia kwetu? Leo saa nane kiwandani wanabadilisha shift. Kama huwezi kuongea mbele ya hao wanaume, usinipigie tena. Tumeachana!"

Aluoch akabamiza simu dukani, akaenda kulia nyuma ya matairi. Alikuwa na hasira, na alimpenda, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Saa nane Weldon alisimama kwenye lango la kiwanda, shati limepigwa pasi, tai imekaa upande. Harufu ya chai ilijaa hewani. Aluoch alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono kifuani.

"Wazee," Weldon akasema, "fremu ya Mzee Ojwang haikuvunjika. Ni mimi nilitoa kwa vile ilijipinda kwenye kona, nikaogopa kumwambia. Hata hii mpya imenimaliza mikono, kila shimo linanipiga." Akaonyesha malengelenge. "Nichekeni mimi, si yeye. Na bado nataka kumwoa Aluoch."

Mzee Ojwang alimtazama kwa jicho kali.

"Inajipinda wapi?"

"Hapa chini ya kiti, Mzee."

"Chini ya kiti! Na ukanyamaza? Bomba mbili tu ningeweka hapo!" Alikuwa akifoka kabisa. "Kesho uilete. Na wewe mwenyewe utashika hizo bomba nikichomelea, mkwe bure kabisa!"

Wanaume wakapiga makofi. Ogada akampa Weldon mkono. Ndipo Aluoch akavuka barabara, gauni la bluu likipepea, akawasukuma wote kando.

"Weldon! Nani amekuambia nimekubali?"

"Si nimesema hapa..."

"Umewaambia hawa! Kiwanda kizima kinajua unanioa! Mimi umeniuliza lini? Ulimnyamazia baba, sasa unaninyamazia na mimi?"

Weldon akamgeukia.

"Pole. Aluoch, nakuuliza wewe sasa. Utakubali nikuoe?"

Alimwacha asimame hivyo, jasho likimtoka, mpaka babake mwenyewe akaanza kumhurumia.

"Nimekubali," akasema. "Na usinishike. Bado nimekasirika."

Akashika njia kwenda mjini. Baada ya hatua chache aligeuka.

"Basi mbona umesimama?"