Mgeni Asiye na Mikono

Miguu ya sanamu ilikuwa imelowa tena.

Balqis aliinama na karatasi za kufutia, akafuta jiwe, akafuta sakafu, kisha akanusa vidole. Tope. Tope la shamba lililonyeshewa, Maskati, mwezi wa Juni, nje joto la kukaanga yai juu ya boneti. Akatazama dari. Kukavu. Kiyoyozi kilikuwa ukuta wa pili.

“Loo, bibi wee,” akaliambia sanamu. “Ukiwa na haja, choo kiko kulia.”

Sanamu lilikuwa la mwanamke wa jiwe la mchanga, kazi ya mafundi wa Khmer, huko Kambodia, miaka elfu iliyopita. Macho kafumba, mdomo unatabasamu, mikono imekatika mabegani. Makumbusho yale ya mtu binafsi, pale Matrah, yalikuwa yameazima vipande arobaini kwa maonyesho, na huyu ndiye bibi harusi wao, kawekwa katikati ya ukumbi.

Na Balqis, digrii ya akiolojia, wa kwanza darasani, alikuwa amekaa miaka minne bila kazi. Kila ofisi aliyopeleka sivii aliambiwa inshallah, bukra, kesho, tutakupigia, na watu ambao digrii yao ni ami yao. Mwishowe akapata mkataba wa miezi mitatu wa kuwatembeza wageni. Siku ya ufunguzi, juzi, msomi huyo wa akiolojia alikabidhiwa nini? Chetezo. Azunguke kufukiza watu udi.

“Ya Balqis, kull dhayf!” mkurugenzi, Hisham, alimnong'oneza huku akiwachekea wakubwa. “Kila mgeni, please. Usimruke mtu.”

Haya. Balqis hakumruka mtu. Alipomaliza mabwana na mabibi, kwa hasira zake akaligeukia sanamu, akapandisha moshi shingoni, akaupitisha kwenye vile vigutu vya mabega, kama anavyofukizwa bibi mzee asiyeweza kuinua mikono ya nguo. Akasema kwa sauti, “Na weye mgeni wetu, karibu. Kwetu kwako. Chochote changu, chako.”

Watu wakacheka, wakapiga picha. Kesho yake, miguu ya sanamu ikaanza kulowa.

Leo, adhuhuri imeshasaliwa, ukumbi mtupu, akiwa bado kachutama pale chini, akasikia chura.

Mmoja. Kisha wa pili akamjibu. Kisha wengi, kama bwawa zima limehamia nyuma ya kuta, na karatasi zikamponyoka. Akataka kuziokota. Vidole havikufunga. Akavitazama, vyake, na pete yake, na hakuvisikia hata kimoja.

Yaqdhan, mlinzi, alikuja mbio kisha akasimama mlangoni.

“Umesikia?” alinong'ona. “Nilidhani simu yako.”

“Simu yangu ina adabu. Yaqdhan, nipigie nyumbani. Mie siwezi kuishika.”

Akampigia, akamwekea sikioni. Nyumbani, mtaa wa Azaiba, Bi Ruqaya, bibi yake, akapokea.

“Bibi, mikono siisikii. Ganzi imefika viwikoni.”

“Umeilalia?”

“Nilalie wapi, Bibi, niko kazini!” Akamweleza yote.

“Udi si neno,” Bi Ruqaya akasema polepole. “Hata nguo twazifukiza. Lakini ukamwambia chochote changu chako?”

“Lilikuwa jiwe, Bibi!”

“Jiwe halina matata. Aliyekaa ndani ya jiwe ndiye aliyesafiri nalo, kafika nchi hajui mtu, weye ukamkaribisha, na kwa kuwa hana mikono, keshachagua atakacho. Miaka kumi na sita ya skuli, hawakukufunza kunyamaza? Leo siku ya ngapi?”

“Ya tatu.”

“Na ugeni ni siku tatu. Magharibi ikiingia hapo si mgeni tena, ni mwenyewe, na hiyo mikono huioni. Nnakuja.”

Alifika baada ya alasiri kwa teksi, na kikapu: dele la kahawa, kikombe, halua, udi. Hisham alikuwa kwenye mkutano. Yaqdhan akafunga mlango wa nje.

“Bi mkubwa,” akanong'ona, “hii si shirki?”

“Simwabudu, namtoa. Shika mlango.” Akamgeukia Balqis. “Mgeni haondoshwi na njaa. Mlishe, mnyweshe, kisha udi wa kuagana. Vyote kwa mikono yako; anayemkirimu ndiye mwenyeji wake. Mie sigusi kitu.”

Vyura wakapandisha sauti. Maji sasa yalitoka chini ya nyayo za jiwe yakitambaa juu ya marumaru hadi yakalowesha pindo za mabaibui, na harufu ya tope ikajaa kooni, na Balqis, mikono inaning'inia kutoka mabegani kama nguo mbichi kambani, akaisukuma halua kwa kifua hadi miguuni pa sanamu, akajaribu kukibana kikombe kwa viganja visivyo vyake, kikaanguka, akajaribu tena, kikaanguka, na dirishani jua lilikuwa limeshagusa milima, na aliposema “Bibi, siwezi,” Bi Ruqaya akakinyakua kikombe, akakijaza kahawa, akakiweka kwenye midomo ya jiwe, “Kunywa, mama, kunywa,” na kahawa ikapungua.

Balqis akakiinamia chetezo cha ufunguzi, akakibana baina ya mikono na kifua, akalifukiza sanamu. Makaa yakamla ngozi, Balqis akaiona ikibabuka bila kusikia kitu.

“Umekula, umekunywa, umefukizwa,” akasema huku analia. “Neno langu nimelirudisha. Nenda kwa amani, mgeni.”

Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja.

Kisha maumivu ya moto yakaja, makali, mpaka kwenye ncha za vidole, na Balqis akapiga ukelele wa furaha, akafungua kiganja, akafumba, akafungua. Yaqdhan alikuwa anasoma Ayatul Kursi na kulia kama mtoto.

“Khalas, twende,” Balqis alisema garini, bendeji alizofungwa na Yaqdhan mikononi, usukani ameushika kwa vidole vyote kumi. “Kesho namwambia Hisham mkataba wake aufukize mwenyewe. Funga mkanda, Bibi.”

Bi Ruqaya hakutikisika. Alikuwa anatazama mapaja yake, mikono yake miwili imelala pale, viganja juu.

“Bibi, mkanda.”

Kwenye minara ya Matrah adhana ya magharibi ikaanza.

“Nifungie weye, mwanangu,” Bi Ruqaya alisema taratibu. “Kile kikombe nilimnywesha mie.”